Mashine ya Baba Audrey

Muigai alisimama mlangoni mwa chumba chake kitupu pale Kawangware, kituo cha 46, mikono mfukoni, akaitazama kompyuta ya Okoth kama mtu anayetazama mbuzi mgonjwa sokoni. Mashine ilikuwa imekwama. Haikuwa imemaliza hata nusu saa tangu iwashwe, na Okoth alikuwa ametoka nayo Kibera kwa mkokoteni asubuhi ile, makusudi kumwonyesha mwenye nyumba inavyofanya kazi.

"Ndiyo hii ya kufunza watoto wa watu?" Muigai akauliza.

"Ni joto tu, mzee. Mabati imewaka. Nikiirekebisha kidogo itatulia."

"Mabati nitaitoa niipeleke wapi? Chumba ndiyo hiyo." Muigai hakuwa mtu mbaya, tusimwonee. Alikuwa na watu wawili waliotaka chumba kimoja: Okoth aliyetaka kufungua mahali pa kufundisha kompyuta, na Kihara aliyetaka kuuza nyama. Mkewe alipenda kompyuta. Yeye mwenyewe alipenda nyama, maana nyama hulipa kodi tangu mwezi wa kwanza. "Sikiza, kijana. Jumamosi ijayo, lete hiyo kitu yako asubuhi. Angeline, msichana wangu, atapiga taipu programu ya harambee ya kanisa. Ikifika jioni bila kuzima, chumba ni yako, na kodi utaanza mwezi ukiisha. Ikizima, Kihara anaingia na kisu zake. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mzee."

Mke wa Muigai, Waruguru, ambaye majirani wote walimwita Mama Kagiri, alikuwa amesimama nyuma ya mumewe na leso begani. Aliizunguka ile mashine, akaligusa lile sanduku lake la rangi ya maziwa yaliyochacha, akakunja uso.

"Na mbona iko uchi hivi? Kaa kitu imeokotwa jalalani. Watu wa kanisa watakuja kuona, na nyinyi mnaleta kitu haina hata kitambaa?"

Maneno hayo aliyaelekeza kwa Trizah, mke wa Okoth, maana mwanamume haulizwi habari ya vitambaa. Trizah alitabasamu kwa adabu. Yeye! Mwanamke ambaye nyumbani kwake hata chupa ya chai ilikuwa na vazi! Chumba chao cha Kibera kilikuwa kimoja, na kuta zake za udongo, lakini hapakuwa na kiti, meza wala redio isiyofunikwa kitambaa alichofuma kwa mkono wake. Hakulala vizuri usiku ule, na si kwa ajili ya joto.

Basi wiki ile wote wawili wakaingia kazini, kila mtu na lake.

Stima ya plot yao ya kupanga kule Kibera ilikuwa ya balbu na redio tu, na mwenye plot alikuwa na masikio ya paka, kwa hiyo Okoth aliipeleka mashine kwa rafiki yake Oyoo, fundi wa redio mwenye kibanda karibu na reli. Huko akaifungua mbavu. Trizah alikuja mchana na chakula, akabaki, akaketi kwenye kreti ya soda na uzi wake mweupe mapajani, mtoto wao Audrey akicheza na betri zilizokufa miguuni pake.

"Niaje, shemeji," Oyoo akamwambia. "Umekuja kuona bwana yako akifanya upasuaji?"

"Mimi nimekuja kuona kama atakula."

Okoth hakusikia. Alikuwa ameinamia ubao wa ndani, akiushika kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Katikati ya ubao palikaa prosesa, ule ubongo wa mashine, umebebeshwa chuma cha kupoza chenye meno kama kitana. Pembeni palikuwa na visindano vidogo vilivyovalishwa vifuniko vya plastiki, ambavyo mafundi huviita jampa. Ukihamisha jampa moja, unapunguza kasi. Ukihamisha nyingine, unapunguza nguvu ya stima inayoingia kwenye prosesa.

"Ona huyu mse aliyekuwa nayo kabla yangu," akamwambia Oyoo. "Alitaka ikimbie kuliko vile iliumbwa. Ameifungulia stima mingi. Si ndiyo maana inachemka! Inachemka, inachanganyikiwa, inakwama. Halafu watu wanasema ni mzee."

"Sasa utafanya nini?"

"Naipunguzia stima kwanza. Halafu kasi naitafuta pole pole."

Na kweli aliitafuta pole pole. Alihamisha jampa, akawasha, akaipa mashine kazi ya kupanga orodha ndefu ya majina, akakaa. Kipima joto hakikuwepo, kwa hiyo alitumia kidole: alikibandika kwenye kile chuma na kuhesabu. Kidole kilipokimbia kabla ya kumi, alizima, akaanza upya. Muda aliupima kwa redio ya Oyoo. Hapo mwanzo salamu za wasikilizaji zilikuwa zinakwisha kabla ya mashine kumaliza orodha, kama haikukwama njiani. Oyoo akampa ile dawa nyeupe ya kupakwa chini ya vyuma vya redio ili joto lipite, Okoth akaipaka kidogo sana kwa wembe, akafunga na feni kubwa aliyoing'oa kwenye mashine mfu. Akapunguza kasi, mashine ikapoa lakini ikawa nzito. Akaongeza kidogo, bado imepoa. Akaongeza tena, ikakwama. Akarudi nyuma hatua moja, akaiacha hapo mchana kutwa.

Siku ya tatu orodha ilikwisha kabla mtangazaji hajamaliza kusalimia watu wa Siaya. Okoth aliweka kidole kwenye chuma na kukiacha hapo, akaanza kucheka peke yake.

"Oyoo! Gusa! Gusa hapa, buda!"

"Wah! Hii ni baridi. Na inakimbia kuliko jana!"

"Si nilikwambia? Siri yote ni hewa. Hewa iingie mbele, itoke nyuma. Ile ingine ni kutosheka."

Trizah aliyasikia maneno hayo kwa masikio yake mawili. Lakini alikuwa akihesabu vitanzi vya uzi, na isitoshe, Okoth alikuwa akimwambia Oyoo. Mambo ya ndani ya mashine hakumwambia mkewe kamwe, na yeye hakuuliza. Jambo moja tu aliuliza, kwa sababu alikuwa na haja nalo.

"Baba Audrey, na vumbi? Kule Kawangware kuna vumbi sana."

"Vumbi ni mbaya kabisa," Okoth akajibu bila kugeuka. "Vumbi ndiyo inamaliza hizi mashine."

Basi Trizah akaenda nyumbani, akatazama kitambaa alichokuwa akifuma, akaona kina mashimo mengi. Maua ya uzi ni mazuri lakini vumbi litapita. Akatafuta kitambaa kizito, akakishonea kwa ndani, sindano baada ya sindano. Alitaka kumshtua mumewe siku ile, aone kwamba na yeye alikuwa na mkono katika jambo hili.

Jumamosi jua liliamka na hasira. Ilikuwa Februari, mwaka mmoja baada ya mafuriko ya El Niño, na ardhi ambayo ilikuwa matope matupu sasa ilikuwa unga. Okoth aliiwasha mashine mbele ya Muigai, Angeline akaketi, akaanza kupiga taipu majina ya wageni wa heshima. Asubuhi ikapita. Mabati yakaanza kulia juu kwa joto, tak, tak. Okoth kila mara alipitisha mkono nyuma ya sanduku, akahisi hewa inavyotoka, akatikisa kichwa kwa furaha. Saa sita ikapita. Mashine haikupepesa.

"Kijana, hapo umenishinda kidogo," Muigai akasema, na kwa Muigai hilo lilikuwa pongezi kubwa. "Hebu tuende kwa pasta nikujulishe kwake. Hawa wanawake watabaki."

Okoth akamtazama mkewe. "Mama Audrey, usiache mtu aguse waya."

"Nenda tu. Niko."

Akaenda, akitembea bega kwa bega na mwenye nyumba. Trizah alimtazama mgongoni mpaka wakapinda kona. Tangu mumewe apunguzwe kazi, hakuwa ameutembeza mgongo wake hivyo.

Haukupita muda, lori la kokoto likapita barabarani na kumwaga wingu zima chumbani. Angeline akapiga chafya. Mara Mama Kagiri naye akaingia na wanawake watatu wa kanisa, wamevaa vizuri, wakipepea vumbi kwa mikono.

"Kujeni muone. Hii ndiyo kompyuta yenyewe. Ingawa sasa..." Mama Kagiri akaguna na kuikazia macho, na wenzake wakaelewa.

Trizah akaona saa yake imefika. Alifungua mfuko akatoa kile kitambaa, kikubwa, cheupe, maua yake yamesimama, akakitandika juu ya sanduku, kikashuka mbele mpaka chini na nyuma mpaka chini. Akakivuta pembe zikalingana. Cheupe pe!

"Haiya!" Mama Kagiri akapiga makofi. "Sasa hiyo imekaa kitu ya mtu. Ni wewe umefuma hii?"

"Ni mimi."

"Kwani unafuma hivi na ulikuwa umenyamaza? Utanifumia ya viti. Zote. Wageni, ona mkono wa huyu mama!"

Wanawake wakainama, wakashika maua kwa vidole, wakauliza uzi aliununua wapi. Mmoja akamletea stuli akae. Kawangware nzima, hakuna mtu aliyewahi kumletea stuli. Wakazungumza habari za uzi, za watoto, za bei ya unga, na nyuma yao Angeline akaendelea kupiga taipu, na feni ndani ya sanduku ikawa inalia kwa sauti nyembamba ambayo hakuna aliyeijua maana yake.

"Mami," Angeline akasema, "imesimama."

"Imesimama vipi?"

"Haiendi. Hata nikifinya." Halafu skrini ikawa nyeusi.

Harufu ya plastiki ya moto ikapanda. Trizah akanyanyuka, akaweka mkono juu ya kitambaa, akautoa mbio. Kilikuwa na moto kama pasi. Na hapo ndipo maneno yale ya kwa Oyoo yakamrudia, wazi kama yamesemwa sasa hivi. Hewa iingie mbele, itoke nyuma. Alikinyakua kitambaa, akakikunja bila mpango, akakisukuma mfukoni na kuukalia mfuko. Alifanya hivyo kabla hajafikiri. Okoth alipoingia mbio, ameitwa na mmoja wa wale wanawake, alikuta sanduku uchi kama alivyoliacha.

Akafungua ubavu, akabandika kidole kwenye chuma, akaruka. "Haiwezekani," akasema. "Hapana. Haiwezekani."

"Ni ule uzee wake," Mama Kagiri akasema kwa upole. Kwake kitambaa kilikuwa pambo tu, hakuwa na sababu ya kukitaja. "Mashine ni kama mtu. Mkitaka nyingine mtapata, Mungu ni mkubwa."

"Kazi ya asubuhi yote imepotea?" Muigai akamuuliza binti yake.

"Yote, baba."

"Basi." Muigai akamgeukia Okoth, wala hakupaza sauti. "Kijana, nilisema jioni. Hata wewe ni shahidi."

Okoth akamtazama mkewe, akitafuta mtu wa kumwambia kwamba asubuhi ilikuwa imepoa, alihisi mwenyewe kwa mkono. Trizah alifungua kinywa. Wanawake wa kanisa walikuwa wote wanamtazama, wale wale waliomletea stuli. Akakifunga kinywa, akainama kukusanya waya.

Jumatatu, kwa Oyoo, mashine iliwaka vizuri. Ilipanga orodha yake, ikapoa, ikatulia. Mtu mwingine angefurahi. Okoth ilimtia wazimu.

"Iko sawa! Sasa mbona iko sawa? Kama iko sawa hapa, kule ilikufa na nini?"

"Labda stima ya kule ni mbaya," Oyoo akasema.

"Angeline alikuwa na redio inaimba kwa stima hiyo hiyo. Hapana. Ni mimi. Kuna mahali nimekosea hesabu."

Akaanza kulitafuta kosa. Jamani, umewahi kumwona mtu akitafuta kitu ambacho hakikupotea? Alihamisha jampa, akaweka kidole, akahamisha tena. Alitoa ile dawa nyeupe akapaka upya. Alikula akiwa amesimama, na Audrey akimwita alijibu ndiyo hata pasipo swali. Trizah alikaa pale pale kwenye kreti ya soda. Uzi hakuushika. Siku ya pili alijikaza.

"Baba Audrey, ile siku, ulipokuwa umeenda na Muigai..."

"Ngoja, Mama Audrey. Tafadhali. Niko na kitu kichwani, itanitoka."

Akangoja. Na aliponyamaza, alihisi nafuu, kama mtu aliyekuta mlango umefungwa na hakutaka kuingia. Nafuu hiyo ndiyo aliyokuja kuichukia baadaye kuliko kitambaa chenyewe. Alikuwa na siku nzima ya kungoja, na siku iliyofuata nyingine. Alijiambia atasema Okoth akitulia, lakini Okoth angetuliaje?

Alhamisi mchana Okoth akaamua kwamba stima aliyoiacha kwenye prosesa ilikuwa ndogo mno, ndiyo maana ilishindwa na mabati ya Muigai. Ataongeza kidogo. Alikuwa hajala, na vile visindano ni vidogo kuliko punje ya wimbi. Akakivalisha kifuniko kisindano ambacho sicho. Akawasha. Pakalia pah! kidogo tu, na uzi wa moshi ukapanda katikati ya ubao. Oyoo aling'oa plagi ukutani kwa mguu.

Okoth akakibandika kidole kwenye chuma, kwa mazoea.

"Imekufa?" Trizah akauliza.

"Imekufa," Oyoo akasema. Kisha akamgeukia rafiki yake, na sauti yake ilikuwa na uchungu. "Ilikuwa inafanya kazi, Okoth. Ulikuwa unatafuta nini?"

"Makosa yangu," Okoth akasema.

Mabaki yake aliyauza kwa mtu wa vyuma, kwa bei ya vyuma.

Mwezi wa tano Okoth alikuwa akibeba mawe kwenye mjengo wa ghorofa kule Gatina. Alitoka Kibera kwa miguu alfajiri, akarudi jioni na vumbi la simenti kwenye kope. Njiani alipita mbele ya chumba cha Muigai, ambamo Kihara alikuwa ametundika mapaja ya ng'ombe na taa nyekundu. Kwenye mjengo walimwita Injinia, maana msimamizi wao, Muia, alikuwa amesikia habari ya kompyuta. Mwanzoni ilimuuma. Siku hizi aliitikia.

Mchana huo Trizah alimletea chakula kwa sababu alikuwa na ujumbe. Oyoo alikuwa amempata mtu mjini, mwenye ofisi ya kupiga chapa, anayetafuta mwangalizi wa mashine zake. Mara ya kwanza Okoth alikuwa amekataa. Sasa yule mtu alikuwa ameuliza tena.

"Mwambie Oyoo asante," Okoth akasema, akiketi juu ya rundo la mawe na sahani magotini. "Lakini hapana."

"Kwa nini hapana? Anasema anataka jibu leo."

"Niende nichome za watu? Yangu ilikuwa yangu. Mama Audrey, mimi ile kitu sikuijua. Nilikuwa najidanganya na kidole. Mawe najua. Ukilibeba, liko mgongoni, ukiliweka, liko chini."

Alisema bila hasira, akitafuna, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda Riruta. Hapo Trizah akashindwa. Angeweza kuivumilia hasira, lakini huyu mtu mdogo, mpole, aliyekubali kuwa hajui, hakumjua. Machozi yalimtoka kabla ya maneno.

"Ni mimi," akasema. "Niliifunika."

"Ulifunika nini?"

"Mashine. Kule kwa Muigai. Mama Kagiri alikuwa ameniaibisha, na wewe ulisema vumbi ni mbaya, nikafuma kitambaa. Nikaifunika. Ilipozima nilikitoa mbio, nikakikalia."

Okoth aliacha kutafuna. Nyuma yao wanaume walikuwa wakicheka juu ya mpira.

"Mbele na nyuma?" akauliza.

"Mbele na nyuma. Mpaka chini."

"Kitambaa cha mashimo?"

"Nilishonea kizito ndani."

"Ikakaa muda gani kabla izime?"

"Kitambo. Tuliongea mambo mengi. Nilipewa hata stuli."

Alifumba macho. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimeanza kugonga jiwe, akihesabu kitu ndani ya kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu Februari uso wake ukafunguka. Trizah aliuona ukifunguka na moyo wake ukaruka kwa matumaini.

"Ikavumilia hiyo yote," Okoth akasema polepole. "Na mabati, na jua la saa nane, na kitambaa kizito. Kwa hivyo nilikuwa nimepatia."

"Ulikuwa umepatia, Baba Audrey. Oyoo anangoja. Naweza kumwambia..."

Lakini ule uso ulikuwa umeshaanza kufungwa tena, maana hesabu ilikuwa imeendelea mbele, imepita Jumamosi ile, imefika Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Alimgeukia.

"Na ulikuwa umekaa pale kwa Oyoo," akasema. "Kwa kreti. Ukiniangalia nikiitafuta."

Trizah akajifuta machozi kwa kiganja.

"Injinia!" Muia akaita. "Saa imeisha!"

Okoth hakuitika. Muia alipoita mara ya pili aliinuka, akamrudishia mkewe sahani ikiwa nusu.

"Audrey umemwacha na nani?"

"Na jirani."

"Basi nenda, asilie."

"Na Oyoo nimwambie nini?"

Alisimama akifikiri, au labda hakusikia. "Nilikuwa nimepatia," akasema tena, safari hii kwa sauti ndogo na bila kumtazama. Kisha akageuza mgongo, akainama, wenzake wakamtwika jiwe.